Mikate ya Korongoni

Kama kuna mtu katika mji ule aliyejulikana kwa kushindwa kunyamaza, ni Chachu. Jina lenyewe alipewa na mashemeji zake mwezi wa kwanza wa ndoa, kwamba ukimweka mahali lazima paumuke. Alibishana na muuza unga juu ya mizani, akabishana na mwalimu mkuu juu ya sare, na siku moja alibishana na daktari mpaka daktari akachana karatasi yake na kuandika dawa nyingine. Sasa mtu wa namna hiyo, mwenye mdomo usio na breki, aliwezaje kukaa na jambo kifuani siku tatu nzima asimwambie hata mume anayelala naye kitanda kimoja?

Aibu, basi. Mkate wake ulikuwa unaungua.

Usicheke. Kwanza ujue walivyokuwa wakioka. Mji wao ulikaa chini ya mlima unaowaka, na mlima huo hakuna aliyeuita kwa jina la kwenye ramani. Waliuita Mkubwa, kama vile watu wa kazini wanavyomwita bosi asipokuwepo. Asubuhi hawakuulizana habari za mvua, waliulizana, "Mkubwa kaamkaje?" na kuinua macho kutazama moshi. Ukiwa mweupe na mwembamba, kila mtu kazini kwake. Wanaume walipanda machimboni, huko juu, kuchimba mawe mepesi ya kujengea. Wanawake watano walioka mikate kwenye ardhi ya Mkubwa yenyewe. Kulikuwa na uwanda wa udongo mweusi juu kidogo ya mji, wenye joto mwaka mzima. Unachimba shimo la kina cha mkono mpaka kiwiko, unashusha sufuria ya donge lililoumuka, unaifunika, unafukia, unasubiri saa mbili na nusu. Ukifukua, mkate umeiva rangi ya kahawia na hukuchoma hata kijiti kimoja cha kuni. Uwanda huo ndio waliouita Jikoni.

Mkuu wa Jikoni alikuwa mama mkwe wake Chachu. Alioka hapo miaka arobaini, na wale wengine wanne yeye ndiye aliyewafundisha. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: ardhi haina kosa. Mkubwa ametulisha tangu enzi za babu zetu, joto lake halizidi wala halipungui. Mkate ukiungua, umeunguzwa na mkono wako. Aliyeunguza alitaniwa mwezi mzima. Mmoja wao aliwahi kuunguza mara moja tu, miaka sita nyuma, na mpaka leo watoto walimwita Mama Mkaa.

Kwa hiyo Jumatatu, Chachu alipofukua sufuria sita na kukuta mikate sita myeusi kama soli ya kiatu, hakumwita mtu. Alijilaumu kwamba amechimba chini mno. Jumanne alichimba juu juu, ikaungua vilevile. Jumatano, siku ya habari hii, alichimba nusu ya kina cha kawaida na kufukua baada ya saa moja tu. Nje mkaa, ndani uji. Mwenye duka aliyesubiri mikate yake alikuwa ameshaambiwa kwamba unga umeingiwa na wadudu. Mumewe, aliyekuwa mchimbaji kule juu, aliambiwa kwamba mkewe amechoka tu.

Alitia mikate ile kwenye gunia, akatazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku, akaelekea kwenye korongo lililokuwa nyuma ya Jikoni. Huko hakuna aliyekwenda kwa sababu ya miiba. Jumatatu na Jumanne alikuwa amerusha mizigo yake kutoka juu ya ukingo na kukimbia. Leo gunia lilinasa kwenye mti wa miiba. Alishuka kulinasua, huku akitukana kimoyomoyo, na chini kabisa akakuta mikate.

Haikuwa yake peke yake. Ilikuwa mingi, imesambaa kati ya mawe, yote myeusi.

Aliinama kuitazama. Kila mwokaji alikuwa na alama yake, maana mikate yote ilipakiwa mkokoteni mmoja na lazima ijulikane ya nani. Yake ilikuwa matundu matatu ya uma. Aliokota mmoja: mikato miwili ya kisu. Huo wa Mama Pacha, jirani yake wa shimo, aliyesema jana kwamba ameoka michache kwa sababu mapacha wana homa. Akaokota mwingine, akaufuta majivu. Katikati ulikuwa na kibonyeo cha kidole gumba, kipana, kimekaa upande kidogo.

Kidole cha mama mkwe wake.

Aliuchunguza vizuri. Baadhi ya mikate ya gumba ilikuwa chini ya mingine yote, na pale ulipopasuka, ndani ulikuwa umeota ukungu wa kijani. Ulikuwa wa zamani kuliko mikate yake. Shimo la mama mkwe ndilo lililokuwa juu kuliko yote, karibu zaidi na mlima. Hapo ndipo kichwa cha Chachu kilipofunguka. Wanawake watatu hawawezi kusahau kazi yao ndani ya wiki moja. Ardhi ilikuwa inapanda joto, ilianzia juu, ilikuwa inashuka, na kila mmoja wao alikuwa ameificha dalili korongoni ili asichekwe.

Na mumewe alikuwa machimboni, juu ya hayo yote, pamoja na wanaume wengine thelathini.

Alipanda ukingo ule hata miiba hakuihisi. Mama Pacha alikuwa amepiga magoti kwenye shimo lake, anafukua kwa haraka haraka huku amekipa kisogo kila kitu.

"Yako pia imeungua," Chachu alisema.

"Nani kakwambia?" Mama Pacha alifunika sufuria kwa mwili wake.

"Nimeiona korongoni. Yako, yangu na ya mama. Hebu weka mkono hapa."

Mama Pacha aliweka kiganja kwenye udongo ambao haujachimbwa, pale wanapokaa siku zote kupiga soga wakisubiri. Aliuondoa upesi. Wakatazamana. Waokaji wawili wa mashimo ya chini, ambao mikate yao ilikuwa bado salama, walikuwa wameshuka sokoni na mkokoteni na hawangerudi kabla ya alasiri. Jikoni walikuwa wao wawili tu.

"Mapacha wako shule," Mama Pacha alisema.

"Twende kwenye king'ora."

King'ora kilikuwa juu ya kibanda cha ulinzi wa mlima, mwisho wa mtaa wa kwanza, na mwenye ufunguo wake alikuwa dereva mstaafu aliyeitwa Mlinzi. Ndani kulikuwa na meza, simu, birika, na mashine iliyochora mistari kwenye karatasi mchana kutwa. Machimboni simu za mkononi hazikushika. Kitu pekee kilichofika huko ni king'ora hicho. Mlinzi aliwasikiliza mpaka mwisho huku ameshika kikombe, kisha akawaonyesha karatasi.

"Mnaona? Mtikisiko wa kawaida. Hata jana ulikuwa zaidi."

"Mashine yako inasikia mtikisiko," Chachu alisema. "Joto hailijui."

"Shemeji, nisikilize. Mwaka jana nilipiga kwa sababu ya moshi mweusi. Watu walikimbia siku mbili, mlima ukanyamaza, wakarudi wakakuta nyumba zimesafishwa na wezi. Mzee mmoja alivunjika nyonga kwenye msongamano. Niliitwa ofisini nikawekewa sheria kwa maandishi: nipige mashine ikivuka mstari mwekundu, au wakija mashahidi watatu wa sehemu tatu tofauti. Nyinyi ni wawili."

"Pigia ofisi simu."

Alipiga. Aliitikia "ndiyo" mara nne na kuweka mkono wa simu chini. Watatuma mtaalamu kesho asubuhi.

"Wa tatu ni nani?" Mlinzi aliuliza, safari hii kwa upole.

Chachu alijua. Ilikuwa saa tano kasorobo.

Mama mkwe alikuwa jikoni kwake, jiko la nyumbani, amekaa kwenye kigoda na mguu mmoja ameunyoosha. Jana alisema goti linamsumbua, ndiyo maana leo hakupanda. Meza ilikuwa imepanguswa ikang'aa. Sufuria zake sita zilikuwa zimepangwa ukutani, midomo chini, safi kuliko siku zote. Chachu hakuketi. Aliweka ule mkate wenye ukungu juu ya meza.

"Mama, huu umetoka korongoni."

Bibi yule aliutazama bila kuugusa. "Si wangu."

"Kidole ni chako."

"Kidole gumba kila mtu anacho."

"Mama, mimi yangu imeungua tangu Jumatatu. Mama Pacha tangu jana. Yako imeota ukungu, maana yake ulitangulia. Mlinzi anataka mtu wa tatu ndipo apige king'ora. Nakuomba."

"Umekuja kunivunjia heshima ndani ya nyumba yangu." Hakupandisha sauti, hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Miaka arobaini. Nimezika mume, mkate wangu haukuungua. Nimeumwa, haukuungua. Wewe ukishindwa kazi unataka tuungane kumsingizia Mkubwa? Amekulisha, amewasomesha watoto wako, leo unataka watu wamkimbie kwa sababu ya sufuria zako?"

Siku nyingine Chachu angemjibu maneno ishirini kwa moja. Siku hiyo hasira zilimpanda, na hapo hapo akaona mikono ya mama mkwe. Alikuwa anaigeuza mapajani, akiitazama kama kitu kilichoharibika. Akaelewa kwamba mwanamke huyu haogopi kuchekwa. Anaogopa kwamba mikono yake imezeeka. Tangu Jumapili alikuwa akidhani kwamba kazi imemkataa, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Chachu alipiga magoti mbele ya kigoda.

"Mama, mikono yako ni mizima. Sikiliza. Mikono yako ni mizima kabisa. Ni ardhi."

Mama mkwe alifumba macho.

"Mwanao yuko juu kule," Chachu alisema. "Mimi sina namna nyingine ya kumwita. Kesho ukitaka nitasimama sokoni niseme niliyeunguza ni mimi peke yangu, ya kwako na ya Mama Pacha nilikuwa naiunguza mimi, nichekwe mpaka nife. Leo nipe neno lako."

Kwenye ukuta sufuria moja iligonga nyingine, kidogo tu, ikaacha. Bibi yule alifumbua macho akazitazama. Kisha akashika bega la mkwe wake, akajiinua, na goti lile lililokuwa linaumwa likatembea kwa kasi iliyomfanya Chachu amkimbilie nyuma.

Nje ya kibanda kulikuwa na watu kadhaa waliokuwa wamekuja kuuliza kuna nini, maana mtaani habari haikai. Mama mkwe hakuingia ndani. Alisimama kizingitini, akasema mbele yao wote:

"Nimeunguza mikate Jumapili, Jumatatu na Jumanne. Yote. Shimo langu ni la juu. Piga king'ora."

Hakuna aliyecheka. Mlinzi alitia ufunguo.

King'ora hicho ukikisikia kwa karibu, unakisikia kwa meno. Mtaa ulimwagika. Milango ilipigwa, watoto walitoka shuleni wameshikana mikono kwa mstari, malori ya mawe yakarudi kinyumenyume mpaka uwanjani kupakia watu. Mama Pacha alikwenda mbio kuwachukua wake. Chachu alisimama pale barabara ya machimbo inapoingia mjini, roho juu juu, macho kwenye kona. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi.

Wachimbaji walianza kutokea, weupe kwa vumbi, wengine wamening'inia kwenye trekta. Msimamizi alikuwa na daftari la mahudhurio na aliwaita mmoja mmoja wanapopita. Alipomaliza, alirudia jina moja. Akalirudia tena.

"Mume wangu yuko wapi?" Chachu aliuliza.

Mchimbaji mmoja aliyekuwa ameshika kofia mkononi alijibu bila kumtazama. "Tulianza kushuka wote. Njiani akasema saa hizi mama yake na mkewe wako Jikoni, mikate ya pili inaingia saa tano. Akakata kule kuwachukua."

Yaani kila siku kwa miaka kumi na mbili Chachu alikuwa Jikoni saa hiyo. Isipokuwa leo.

Alianza kukimbia kabla hajaamua. Nyuma yake alisikia Mlinzi akipiga kelele kwamba hairuhusiwi, na sauti ya mama mkwe ikimwambia Mlinzi anyamaze. Njia ile aliijua hata akiwa usingizini, na sasa ilikuwa inamchoma kupitia kandambili. Hewa ilinuka kiberiti. Alipofika ukingoni mwa uwanda, Jikoni hapakuwepo tena. Kulikuwa na mvuke tu, mweupe, unatoka kwenye kila shimo na kwenye nyufa ambazo asubuhi hazikuwepo, na mahali fulani katikati udongo ulikuwa unachemka kwa sauti kama uji mzito.

Aliita. Aliita jina ambalo humwita wakiwa peke yao, ambalo hata mama yake halijui. Kitu kilipasuka upande wa juu, kwenye shimo la mama mkwe, udongo na mawe vikaruka na kuanguka kama mvua. Alitaka kuingia. Alinyanyua mguu kabisa. Kisha akafikiria kwamba akiingia hawataonana, kila mmoja atazunguka akimtafuta mwenzake ndani ya mvuke mpaka wote waive humo. Ikabidi asimame na kuita tu, na kusimama huko, alisema baadaye, ndiko kulikomtesa kuliko kujifungua.

"Niko hapa! Tumetoka! Fuata sauti!"

Aliita mpaka sauti ikakwaruza. Mara akamwona. Alikuwa ameinama juu ya shimo la Mama Pacha, koti amelifunga puani, anapapasa ndani kwa koleo. Aliinua kichwa. Akaja akitembea vibaya, miguu ikiachana na ardhi kwa shida kila hatua, na alipofika alimshika uso kwa mikono yote miwili kama mtu anayehakikisha.

"Nimewatafuta shimo kwa shimo," alisema. "Mama yuko wapi?"

"Yuko chini. Mzima. Twende."

Alimbeba nusu, akamburuta nusu. Mlinzi na yule mchimbaji wa kofia waliwapokea njiani, hairuhusiwi au inaruhusiwa. Soli za buti zake zilikuwa zimeyeyuka, na walipozivua uwanjani, Chachu aligeuza uso, kisha akajilazimisha kuurudisha.

Lori la mwisho liliondoka na wao. Hawakuwa wamefika daraja la kwanza Mkubwa alipofungua mdomo. Mlio ulikuja kwanza kifuani, ndipo masikioni, na wote wakaona Jikoni na barabara ya machimbo vikipotea kwenye wingu la kijivu lililokuwa linaviringika kushuka, likasimama, namshukuru Mungu, juu kidogo ya mtaa wa kwanza.

Kwa muda watu walilia tu. Baadaye, majivu yakiwaangukia mabegani, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alimshika Chachu mkono. "Wewe na mama mkwe wako mmetuokoa. Sote tuliomo humu. Mungu awalipe." Wengine wakaitikia. Mtu akaanza kumpigia makofi.

Chachu alivumilia kidogo, akashindwa.

"Msitushukuru. Mimi nilijua tangu Jumatatu kuna kitu hakiko sawa. Nilificha ili msinicheke."

"Mimi tangu jana," alisema Mama Pacha, pacha mmoja kwenye kila paja.

Mama mkwe alikuwa amekaa upande wa kichwa cha mwanawe, amekiweka mapajani. "Mimi Jumapili," alisema. "Mimi ndiye wa kwanza."

Makofi yalikatika. Msimamizi wa machimbo aliwatazama, kisha akatazama ile miguu iliyofungwa vitambaa vibichi, akageukia barabara.

"Na mimi Jumatatu," alisema mumewe.

Chachu alidhani ni maumivu yanayosema. Aliinama karibu. "Wewe ulijua nini?"

"Ulirudi nyumbani nywele zinanuka mkate ulioungua. Jana vilevile. Nimelala nazo puani usiku kucha." Alipumzika kidogo. "Hujaunguza tangu nikuoe. Nilitaka kukuuliza."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Najua ulivyo na mkate wako. Niliogopa nitakuumiza."

Chachu alifikiria jinsi wote walivyokuwa wameheshimiana vizuri wiki ile, kila mtu akimlinda mwenzake asiaibike, mpaka wakakaribia kufa wote. Alitamani kumpiga. Alitamani kumkumbatia, lakini hakujua pa kumshika pasipouma.

"Siku nyingine niumize," alimwambia, akachovya kitambaa kwenye ndoo ya maji na kukirudisha mguuni.